Nazi ya Aji

Asubuhi ya Septemba 1, 2011, siku moja baada ya Idi, Kaku, mama mwenye nyumba wangu, alinigongea mlango kabla jua halijachomoza. Alikuwa ameshaoga, nywele bado zinachuruzika maji. Hakuniuliza nimeamkaje. Aliniuliza, "Umeoga?"

Nikasema bado.

"Basi oga, uvae nguo safi, ushuke jikoni. Unajua kukuna nazi?"

Swali hilo anaulizwa mtu wa Tanga.

Nilikuwa mwaka wa pili wa famasia mjini Pune, India, nimepanga chumba cha juu kwa familia moja ya Kimarathi mtaa wa Kothrud, baada ya nyumba tatu kunikataa kwa sababu ambazo hakuna aliyezitamka. Siku hiyo ilikuwa Ganesh Chaturthi, sikukuu ya Ganpati, mungu wao mwenye kichwa cha tembo. Pune ikikaribia sikukuu hiyo haikaliki. Wiki kadhaa vijana walikuwa wakifanya mazoezi ya ngoma za dhol kando ya mto Mutha mpaka vioo vya dirisha langu vinatetema. Dada wa kazi alikuwa kwao akisherehekea. Aji, bibi mzee wa nyumba, kifundo cha mkono kilikuwa kimemvimba. Na modak 21, madonge matamu ya unga wa mchele yenye nazi ndani, zilitakiwa ziwe mbele ya mungu kabla ya saa sita mchana.

Nikiri ushamba wangu kwanza. Nilikwenda India nimeshaipenda tangu utotoni, kwa ajili ya mikanda ya Kihindi tuliyoangalia sebuleni kwa jirani, watoto kumi na tano juu ya mkeka mmoja, tunaimba nyimbo ambazo hatujui hata neno moja lina maana gani. Mwezi wangu wa kwanza Pune nilinunua bangili dazeni mbili na nikajibandika kitone kwenye paji la uso, nikaenda darasani navyo. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini miaka yote niliyokulia Tanga, nikitumwa sukari na mafuta kwenye maduka ya Wahindi, sikuwahi kuvuka lile pazia la nyuma ya kaunta. Harufu ya mapishi yao niliijua, jiko lenyewe sikuwahi kuliona. Ilibidi nivuke bahari ndipo nigongewe mlango niitwe.

Nyumba yenyewe ilinichanganya kwa majina tu. Kwa Kimarathi kaka ni baba mdogo, dada ni kaka, na mama ni mjomba. Kwa hiyo mume wa Kaku, mzee mwenye mvi, ndiye Kaka. Kijana wao mwenye ndevu, mdogo wake anamwita Dada. Na siku nilipoambiwa "Mama amefika kutoka Nashik" nilishuka ngazi mbio kumpokea mama wa watu, nikakutana na mtu mwenye masharubu. Baba peke yake ndiye aliyebaki kuwa baba. Aji naye alikuwa akiniita bala. Wiki ya kwanza nilijua nimeshagundulika ni balaa, kumbe ndivyo wanavyomwita mtoto kwa mapenzi.

Basi nikashuka jikoni. Aji alikuwa amekaa sakafuni, nami nikatafuta mbuzi kwa macho. Akanisogezea kitu kinaitwa vili: ubao uliolala chini, juu yake umesimama upanga uliopinda wa kukatia mboga, na kwenye ncha ya huo upanga kuna kijiduara cha chuma chenye meno. Nilicheka peke yangu. Ni mbuzi yuleyule, ila huyu wa kwao hapandwi. Unakaa pembeni, unamkanyaga kwa mguu asikimbie.

Nikakuna kama mama alivyonifundisha, kuanzia ukingoni, mkono mwepesi, bila kufika kwenye ngozi ya kahawia. Aji akachota kidogo kwa vidole, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akakirudisha kwenye sinia. "Chhan," akasema. Neno hilo nilikuwa nalijua: safi kabisa. Sidhani kama nimewahi kufaulu mtihani nikafurahi vile.

Kaku alikuwa akisonga unga wa mchele kwenye maji ya moto yaliyotiwa samli na chumvi, kisha anaukanda ungali unaunguza vidole. Nazi ingepikwa na sukari guru, ambayo wao wanaiita gul, pamoja na iliki. Halafu kila donge linafinyangwa kama kikombe, linajazwa, linakunjwa mikunjo midogomidogo na kufungwa juu mpaka linafanana na kitunguu saumu, ndipo linapikwa kwa mvuke. Sebuleni Kaka, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa historia, alikuwa akinieleza kwa sauti kwamba Ganpati wa majumbani ni wa zamani sana, lakini huyu wa barabarani, wa ngoma na maandamano, alitiwa nguvu na mpigania uhuru Lokmanya Tilak mwaka 1893, ili watu wapate pa kukusanyika chini ya Mwingereza. Nilikuwa namwitikia, mkono unakwenda.

Na ndipo mkono huo ukaniponza. Kwetu mkunaji ana haki yake. Nazi ikiwa tamu unadokoa, wala hufikiri. Nikadokoa.

"Aga bai!"

Aji alishika shavu. Kaku akaacha unga. Hata Kaka alinyamaza huko sebuleni, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Bappa bado hajala," Kaku akaniambia taratibu. Bappa ndiye huyo Ganpati. Chakula cha kumpelekea mungu hakionjwi, hata chumvi inakadiriwa kwa macho. Ukishaonja, kilichobaki ni makombo yako, na makombo hapelekewi yeye. Nilitamani sakafu ipasuke. Mwezi mzima wa Ramadhani nilikaa kwenye maabara ya chuo bila tone la maji. Leo, tarehe mbili tu ya Mfungo Mosi, nimeshindwa kuzuia ulimi kwa nusu saa.

Aji hakunigombeza. Alilisukuma lile sinia kando, akachukua nazi nyingine, akaivunja mwenyewe kwa mkono ule mzima, akanisogezea kifuu. "Bala," akasema, na kidevu akakielekeza kwenye vili. Safari hii ningelikubali hata kwa maana ya kwetu. Nilikuna ya pili nimefumba mdomo kama mtu anayepiga mbizi.

Saa tano na nusu wakawasha kafuri, wakaimba, wakapiga makofi. Mimi nilisimama mlangoni, mikono nimeikunja. Tangu alfajiri kulikuwa na jambo linanikereketa ambalo sikumwambia mtu: kilichotolewa kwa sanamu mimi sili. Sasa prasad, chakula kilichokwisha kutolewa kwa mungu, inakuja, inagawiwa mkononi, kumkatalia Aji baada ya yale ya nazi nitaanzia wapi?

Akaja mwenyewe, anachechemea, na kisahani. Modak tatu, mikunjo imekwenda upande kwa sababu ya ule mkono mbovu, samli inatiririka juu yake. Akasema maneno yake, Kaku akatafsiri: "Hizi ni za nazi yako. Bappa hajazigusa."

Alikuwa ananikumbusha makombo yangu, au alikuwa amefikiri kuhusu dini yangu kabla yangu, sijui. Nilimtazama usoni, hakukuwa na kitu cha kusoma. Nikazila zote tatu, za moto, mpaka samli ikanifika kwenye kiwiko.

Baada ya magharibi nilipanda darini kuanua nguo. Siku mbili nyuma tulikuwa papo hapo, mimi na wasichana wawili wa Kiislamu kutoka chuoni, tunautafuta mwezi wa Idi kwenye mawingu ya mvua. Sasa umekaa wazi magharibi, mwembamba. Nikasikia Aji ananipigia kelele kutoka uani na Kaku anacheka: usiutazame! Usiku wa Ganpati mwezi hautazamwi, kwa sababu siku moja ulimcheka alipoanguka, akaulaani. Atakayeutazama usiku huo atasingiziwa wizi.

Nikamwitikia kwa Kiswahili kwamba mimi sisingiziwi, nazi nimeiba kweli.