Kunguni walikuwa wa nyumba nzima

Binti yangu ana miaka sita. Jumapili moja asubuhi nilikuwa namvalisha gauni la kwenda kanisani, nikaona mgongoni mwake uvimbe mdogo mdogo mwekundu, mitatu imejipanga mstari mmoja kama vifungo vya shati. Nikasema ni mbu. Nikakagua chandarua, hakina tundu. Usiku ule saa nane nikawasha tochi ya simu na kuinua godoro ghafla. Walikuwa pale chaga zinapoingia kwenye ubavu wa kitanda: bapa, rangi ya kahawia, wanakimbilia gizani. Pembeni yao kulikuwa na vidoa vyeusi, kama mtu amegusagusa mbao kwa ncha ya kalamu, na kwenye ufa mayai meupe madogo mfano wa punje za chumvi.

Tulikuwa tumehamia kwenye apatimenti ile, Tabata, miezi mitatu nyuma. Kodi ni shilingi 300,000 kwa mwezi, na kama ilivyo kwa wengi Dar es Salaam, nililipa ya miezi sita kwa mkupuo. Kwa hiyo laki tisa zangu zilikuwa bado ziko kwa mwenye nyumba. Naomba msomaji alishike hilo. Kila niliyemuuliza baadaye aliniambia "hama" au "usimlipe mpaka atengeneze", lakini mtu ambaye kodi yake imeshaliwa atazuia nini?

Mwezi wa kwanza niliupoteza kwa sababu ya aibu. Sikumwambia mtu. Nilinunua dawa kwa mmachinga, kichupa kisicho na lebo, nikapuliza chumbani na jioni tukalala humohumo. Mtoto alikohoa usiku kucha. Hadi leo nikikumbuka naumia, na ninamsihi kila mzazi asirudie nilichofanya: dawa usiyoijua jina, kipimo wala muda wa kukaa nje ya chumba, usiipulize anapolala mtoto. Godoro nililianika juani, nisijue kwamba kunguni wanahamia upande wa kivuli wakisubiri lirudi ndani. Siku kumi hivi kimya, nikamshukuru Mungu. Kisha wakarudi. Dawa nyingi zinaua wanaotembea lakini mayai yanabaki, na kwa joto letu la Pwani yai huanguliwa ndani ya wiki moja au siku chache zaidi. Kunguni mkubwa naye anaweza kukaa miezi bila kula.

Kilichonifungua ni sauti. Jumamosi moja nilisikia ghorofa ya juu mtu anagonga mbao sakafuni, ko, ko, ko, anatulia, anaanza tena. Nikaijua, maana wiki iliyopita mimi mwenyewe nilikuwa nakung'uta chaga vilevile. Nikapanda ngazi, nikapiga hodi.

"Dada samahani, na kwako wapo?"

Aliniangalia, akatoka nje, akaufunga mlango nyuma yake, ndipo akapandisha mkono wa blauzi. Mkono mzima ulikuwa umejaa alama. Alikuwa analala kwenye kiti kwa wiki tatu.

Jioni ile tulizunguka milango yote minane. Sita walikuwa nao. Kila mmoja alikuwa anapuliza dawa yake kwa siku yake, kimya kimya, na kunguni wanahama kupitia nyufa na mabomba ya nyaya za umeme kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Tulikuwa tunafukuziana.

Nikampigia mwenye nyumba. "Mwanangu," alisema, "niliwapa nyumba safi. Hao mmekuja nao kwenye magodoro yenu." Akanikumbusha mkataba: mpangaji atatunza nyumba katika hali ya usafi. Sikubishana naye nani aliwaleta, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha, na kunguni haji kwa uchafu. Anaingia kwenye kitanda cha mtumba, kwenye begi la mgeni, hata kwenye nyumba inayopigwa deki kila siku.

Nilikwenda kusoma sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, kifungu cha 88, inamhesabu mwenye nyumba ya kuishi kuwa ameahidi kwamba nyumba inafaa kuishi binadamu wakati mkataba unaanza na itaendelea kufaa muda wote wa mkataba. Ahadi hiyo ipo hata kama mkataba wenu wa kurasa mbili hauitaji. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 nayo inampa afisa afya uwezo wa kuingia, kukagua na kuagiza kero ya kiafya iondolewe. Na ikishindikana, unaanzia baraza la kata. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Niliona safari hiyo ni ndefu mno kwa mtoto anayeumwa na kunguni kila usiku, ila mwenye nyumba alipaswa kujua kwamba tunaifahamu.

Tukaandika barua ya ukurasa mmoja. Tarehe, vyumba vyenye tatizo, picha, na ombi la dawa kwa nyumba nzima kwa siku moja. Saba tulisaini, mmoja aliogopa kufukuzwa, sikumlaumu. Nakala nikaipeleka ofisi ya serikali ya mtaa wakaigonga mhuri wa kupokea, nyingine nikampa bwana afya wa kata. Alikuja Jumanne. Alifungua kifuniko cha soketi ya ukutani kwangu, kunguni wawili wakaanguka kwenye kiganja chake. Akaandika palepale.

Alhamisi mwenye nyumba alifika mwenyewe. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Tukakaa kwenye ngazi. Alishika ile barua yenye mhuri muda mrefu, kisha akauliza gharama ni kiasi gani. Tulikubaliana kwa maandishi: yeye analipia dawa kwa vyumba vyote, korido na ngazi, mara mbili, na anaziba nyufa, sisi tunaandaa vyumba. Nilisisitiza mpulizaji awe na kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Wa kwanza aliyeletwa hakuwa nacho, tukamrudisha.

Maandalizi yalitutoa jasho. Nguo zote na mashuka kwenye maji ya moto, kisha kwenye mifuko iliyofungwa. Kitanda mbali na ukuta, soketi wazi, hakuna kuhamisha samani chumba hadi chumba. Yule aliyekataa kusaini nilimwomba kama ndugu, akafungua mlango wake. Tulitoka asubuhi tukarudi usiku. Wiki mbili baadaye tukarudia, kuwawahi walioanguliwa kabla hawajataga. Baada ya raundi ya kwanza niliona wawili, wazito, hawakimbii. Baada ya ya pili sikuona tena.

Godoro langu la kwanza nilishalitupa, na mzee alikataa kulifidia. Niliacha. Kama angekataa dawa, ningekwenda baraza la kata kudai salio la kodi yangu, barua ile ikiwa ushahidi wangu wa kwanza.

Mwezi uliopita alihamia kijana kwenye chumba cha chini, kitanda chake kimekuja kwenye guta. Dada wa juu alishuka na tochi. "Karibu mdogo wangu. Kabla hujaingiza, tukague chaga." Kijana hakuuliza kwa nini. Alizishusha moja moja, akazipanga kwenye baraza, nasi tukachuchumaa naye.