Nilivyowapangia marafiki wa bara wikendi ya muziki Mombasa

Wenzangu niliosoma nao chuo walishaanza kupanga kabla hata sijaulizwa. Nafungua kundi letu la WhatsApp nakuta picha za hoteli za Diani, bei za vyumba, na mmoja anauliza, "Sasa hiyo taarab inapigwa wapi Jumamosi, na tiketi ni ngapi?" Walitaka wikendi ya muziki. Bahari, walisema, wameshaiona. Nikawaambia waniachie mimi mwenyeji nipange, maana kwa swali lile la tiketi wangekuja wakakaa Diani mpaka Jumapili wasisikie hata mlio wa ngoma ya dumbaki.

Mombasa ni mji wa muziki, hilo halina ubishi. Hapa ndipo alipoimba Juma Bhalo, hapa ndipo Zein l'Abdin alipopiga udi wake, na Zuhura Swaleh na Maulidi Juma wakazikesheza harusi za mji mzima. Lakini muziki wenyewe hauna mlango wa tiketi. Twarabu, kama tunavyoiita wenyewe, imo harusini. Bendi hukodiwa na wenye shughuli, na anayeingia ni aliyealikwa. Ukienda kuitafuta hotelini utaletewa kijana na kinanda chake, anawaimbia watalii zile zile za kuwakaribisha Kenya, na saa nne usiku anafunga nyaya. Kwa hiyo mimi sikutafuta ukumbi. Nilitafuta harusi.

Na harusi zina msimu wake. Mwezi wa Ramadhani hakuna. Shaaban watu hukimbizana kuoza kabla ya mfungo kuingia, na kuanzia Mfungo Mosi, mwezi wa Idi baada ya Ramadhani, zinamiminika tena. Masika ya Aprili na Mei sikuyataka, mvua ya Mombasa ikiamua kunyesha hata tuktuk huioni. Tukaangukia Agosti. Agosti ina ubaya wake: shule zimefungwa, treni inajaa mapema, nyumba za kukodi zinapanda bei. Ila harusi ni nyingi, na hilo ndilo nililokuwa nikilihitaji.

Nikamwendea jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, ambaye kuanzia Kibokoni hadi Majengo hakuna harusi asiyoijua. Bahati nzuri binti ya ndugu yake alikuwa anaolewa.

"Mamangu, nina wageni wangu wa bara, wanataka kuona twarabu."

"Wanawake au wanaume?"

"Wote wamo."

"Wanaume utawapeleka wapi? Kwangu hawaingii. Wanawake waje, ila simu mlangoni. Na uwaambie wavae, wasije na suruali zao za jinzi wakanifedhehesha mbele za watu."

Jibu hilo ndilo lililoipanga wikendi yote. Jumamosi usiku tutagawanyika, wanawake harusini, wanaume Mji wa Kale na kakangu. Jumapili tutakuwa pamoja, na muziki wa Jumapili uwe ule ambao mume na mke, kaka na dada, wanaweza kukaa meza moja. Huo ni bango, dansi ya pwani.

Pesa nilizimaliza mapema kwa sababu nawajua wenzangu. Ukiwaachia watu "tutalipana huko huko", utarudi kazini Jumatatu unadai. Nilisema shilingi 9,000 kwa kichwa, nauli ya treni ndani yake, zitumwe kwa M-Pesa kwa mhazini mmoja, na asiyetuma hakatiwi tiketi. Treni ya SGR daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwenda na nyingine 1,500 kurudi, bei ya tangu 2024, kwa hiyo 3,000 zilikuwa zimeshaondoka. Nyumba niliwachukulia Tudor, kisiwani, ingawa za Nyali zilikuwa na bwawa la kuogelea na wenzangu wawili walinuna. Sababu yangu ilikuwa moja tu: sikutaka watu watoke harusini usiku wa manane waanze kuvuka Daraja la Nyali. Zaidi ya hapo, foleni ya Buxton siku za wikendi haina adabu.

Ijumaa walipanda treni ya saa tisa alasiri, wakafika usiku. Stesheni iko Miritini, mbali na mji, na mgeni asiyejua hutajiwa bei ya teksi ya kumlipia dereva karo ya watoto. Nilikuwa nimeshaongea na dereva wa matatu awabebe wote kwa pamoja. Walikula, wakalala. Jumamosi asubuhi mahamri na mbaazi, halafu Fort Jesus, ambayo tuliipita mbiombio kwa kuwa jua lilikuwa kali na mwenzetu wa Nakuru alikuwa na viatu vya kisigino. Alasiri tukashuka Mama Ngina kula viazi karai na mihogo, tukanywa madafu. Sitasimulia sana, kila aliyefika Mombasa ameshakula viazi karai.

Kazi kubwa mchana ule ilikuwa kutafuta noti ndogo. Hili nilikuwa nimeliandika kwenye kundi lakini hakuna aliyenielewa mpaka alipofika. Twarabuni mtu hutuza: wimbo ukikugusa unanyanyuka, unakwenda mbele kwa madaha, unampa mwimbaji pesa huku unacheza. Ukiwa na noti ya elfu moja utanyanyuka mara moja, basi, umekwisha. Ukiwa na za hamsini hamsini na mia mia, usiku kucha uko mbele. Tulizunguka madukani Marikiti kubadilisha, muuza viungo mmoja akaniuliza kama nafungua biashara ya matatu.

Harusini tulikwenda baada ya Isha, buibui juu, magauni chini. Mlangoni alikaa msichana na kikapu cha simu na roli ya vibandiko. Ukikataa kuiacha simu yako kikapuni, anaibandika kibandiko juu ya kamera, na ukionekana umekibandua unatolewa. Wageni wangu waliona ni ukali, lakini ndani wakaelewa wenyewe. Mabuibui yalivuliwa, na waliokuwa wameingia kama vivuli vyeusi wakawa na dhahabu shingoni, nywele zimetengenezwa, asmini kichwani. Hakuna anayetaka mamake aonekane hivyo kwenye simu ya mtu asiyemjua.

Bendi ilikuwa ya siku hizi, kinanda cha umeme, dumbaki, na mwimbaji mwanamke mnene mwenye sauti ya kupasua zege. Fidla na tashkota, zile ala za nyuzi za kanda za zamani, hazikuwapo, na mimi binafsi nilizikosa. Lakini alipoanza, ukumbi wote ulishuka mabega pamoja. Nyimbo za mwanzo zilikuwa za kumsifu bibi harusi na wazazi wake, watu wanatuza taratibu. Ilipofika saa tano zikaanza za mafumbo, ambazo anayetuza huonekana anampiga mtu kijembe.

Hapa ndipo mwenzetu wa Nakuru alipotaka kutuua. Mwimbaji amefika kwenye ubeti wa jirani anayemtamani mume wa mwenzake, na yeye, Kiswahili chake kizuri lakini mafumbo hayajui, akaipenda sauti tu. Akanyanyuka na noti yake ya mia, anayumba, mkono juu, uso wa furaha, akapita katikati ya ukumbi. Vichwa vyote vikageuka kuangalia anamtazama nani. Mwanamke mmoja wa safu ya pili, amevaa kijani, aliacha kujipepea. Jirani yangu akanivuta mkono.

"Mwenzio ana ugomvi na nani humu?"

"Hana na mtu, mamangu. Mgeni."

"Basi kamwambie angoje ubeti wa sifa. Huo una wenyewe."

Nikamfuata huko mbele nikijidai nami natuza, nikamnong'oneza, tukarudi tunacheka kwa kujibana. Kwa hiyo ukiwapeleka wageni twarabuni, wakalishe karibu na mtu wa mji, na uwaambie wasinyanyuke mpaka huyo anyanyuke. Ubeti wa kumsifu mama wa bibi harusi hauna hatari. Ubeti wa mke mwenza, wa jirani, wa rafiki mnafiki, kaa kitako. Baada ya hapo ikaja chakacha, leso zikafungwa viunoni, na humo mgeni hana kosa, awe anajua kunengua au hajui. Tulitoka saa nane usiku tukiwa hatuna hata noti moja.

Wanaume nao, ambao niliogopa watalalamika kuwa wametupwa, walirudi na makelele kuliko sisi. Kakangu aliwakalisha barazani Mji wa Kale, kwa muuza kahawa mwenye dele lake la shaba, kahawa tungu na kashata, katikati ya wazee wanaobishana Juma Bhalo na Zein nani zaidi. Ubishi huu una miaka kuliko mimi. Bhalo, aliyefariki 2014, alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayatia Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, na mashairi mengi aliyoyaimba yalikuwa ya binamu yake, malenga Ahmad Nassir. Zein, aliyefariki 2016, alikuwa na asili ya Lamu, udi mkononi, na mahadhi yaliyoelekea Uarabuni. Mzee mmoja aliwakatia shauri kwa kusema Bhalo ni maneno, Zein ni mkono. Kila wimbo uliotajwa ulitafutwa kwenye simu hapo hapo, ukapigwa, ukahukumiwa. Mwenzetu mmoja wa Nairobi, ambaye Ijumaa hakuwa akijua tofauti ya udi na gitaa, Jumapili asubuhi alikuwa anamtetea Zein mezani kama ameoa kwao.

Jumapili tulivuka upande wa Kisauni. Nilitaka wapaone Frere Town kwanza, mtaa uliofunguliwa na wamishonari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kengele yao bado iko pale njia panda, na ndiyo iliyopatia mahali hapo jina la Kengeleni. Bango linahusika na mtaa huu kwa sababu ya Mzee Joseph Ngala, mtu wa Frere Town, ambaye alichukua muziki wa dansi wa zamani, saksafoni na tarumbeta, akauchanganya na ladha ya pwani na Kimijikenda. Ukienda harusi ya Wakristo wa pwani hii, bango ndilo litakalowainua wazee vitini.

Bendi niliipata mahali pa nyama choma, si mbali na hapo, Jumapili alasiri. Angalizo: bendi ya bango haiaminiki kwa tangazo la ukutani. Ikipata harusi Kilifi inakwenda harusi, na wewe utakuta spika za rekodi. Nilipiga simu Alhamisi, nikapiga tena Jumapili asubuhi, na sikuridhika mpaka nilipomsikia mpiga besi mwenyewe akijaribu nyaya nyuma ya simu. Bango huchezwa wawili wawili, polepole, na mpiga saksafoni akikuona unajua kucheza anakusogelea meza. Waume waliocheza na wake zao pale walijilipia Jumamosi yao.

Treni ya kurudi ilikuwa ya saa nne usiku, ile inayowafikisha Nairobi kabla ya alfajiri. Tuliondoka Kisauni magharibi, mapema mno kwa maoni yao, lakini ukitoka huko uvuke kisiwa, upite Makupa, uingie Changamwe na malori yake, saa mbili zinakwisha. Na pale Miritini kuna foleni ya mizigo kukaguliwa na mbwa, huingii tu kama stendi ya matatu.

Hesabu alituma mhazini Jumanne. Chakula kilibaki pesa, usafiri ulitosha, kilichopita bajeti ni tuzo, tena kwa mbali, na wanaume wakauliza kwa nini na wao wachangie pesa walizotuza wanawake kwenye harusi waliyokatazwa kuingia. Ubishi huo ulikwenda siku kadhaa. Ulikatwa na yule wa Nakuru, aliyesema atalipa yeye, ila safari ijayo iwe Lamu kwa Maulidi, Mfungo Sita, ambako kwenye ngoma za matwari na kasida wanaume ndio watakaokaa mbele. Nimewaambia sina tatizo, nina mtu wa kuwapokea Shela, huko huko Lamu. Watume pesa kwanza.