Siku moja maishani mwangu: leo tunavuna muhogo wa majaribio

Saa 11 alfajiri. Chai nitainywa garini. Mimi ni fundi sanifu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha serikali, Mkoa wa Pwani, na zao langu ni muhogo. Tumebeba mizani, mapanga, viroba, na kishikwambi ambacho najua betri yake haifiki jioni.

Saa 1:30 asubuhi. Mkuranga, shambani kwa bibi mmoja aliyetupa ardhi ya majaribio. Shikamoo, marahaba, za nyumbani, mjukuu kapona? Hapa salamu hazikatizwi. Aina sita za muhogo, miezi 12 tangu zipandwe, nafasi mita moja kwa mita moja. Kwa juu vitalu vyote vinapendeza. "Mbona umenuna, mwanangu?" bibi ananiuliza.

Saa 2. Ugonjwa wa batobato haujifichi: jani linajikunja, linapata mabaka ya njano, unaliona kwa mbali. Ugonjwa wa pili, michirizi ya kahawia, ndio mnafiki. Unajulikana tangu miaka ya 1930, enzi za Tanganyika, na mpaka leo mti unaweza kusimama kijani huku mizizi inaoza. Yote mawili huenezwa na inzi weupe, na sisi wenyewe pia, tunapokata pingili, vipande vya shina vya kupandia, zenye ugonjwa na kumgawia jirani.

Kwa hiyo tunang'oa, tunapima, tunakatakata kila mzizi na kuupa alama: 1 ni safi, 5 ni wa kutupa. Kitalu B, mti wa nne, mizizi saba minene. Panga la kwanza, nyeupe pe. La pili, nyeupe. La tatu, doa la rangi ya kutu, gumu kama kizibo. "Andika 4." Bibi anakiokota kile kipande, anakinusa, anakirusha kichakani.

Saa 5. Sufuria sita zimechemka, kila moja na herufi yake tu. Wakulima wanaonja, kisha wanapiga kura kwa punje za mahindi. Aina D imeongoza kwenye mizani, tena haina doa. Kwenye jedwali langu ni bingwa. Bibi anaing'ata, anatafuna kwa shida. "Hii itakaa jikoni mpaka magharibi. Futari utaila na daku!" Kicheko. Kikombe cha D kinapata punje mbili. Wapo wanaoona huo si utafiti; mimi nimeshaona aina nzuri za makaratasini ambazo hakuna aliyezipanda mara ya pili.

Saa 8 mchana. Kishikwambi kimezima. Daftari.

Saa 10 jioni. Kijana mmoja anaomba mashina ya kitalu F. Namkatalia, na inaniuma: aina mpya haigawiwi kabla ya kupimwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na kuidhinishwa. Hata ikiidhinishwa, ekari moja inataka pingili 4,000 hivi. Mwenzake wa mahindi anabeba mbegu ya ekari nzima kwenye baiskeli.

Saa 2 usiku. Nahamisha takwimu, vidole vimeganda utomvu. Mstari wa D: kilo, alama, kura. Kwenye safu ya maoni naandika maneno ya bibi kama alivyoyasema. Programu inakubali herufi 25 tu: "Itakaa jikoni mpaka magha".

Nafuta. Naandika: "haiivi".