Mjane, Kadhi na Kengele za Lowell

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la wiki hii ni Luka 18:1-8, mfano wa mjane na kadhi dhalimu. Wengi wetu tumeufahamu mfano huu kwenye mikesha: omba, usichoke, omba tena. Na ni kweli, Luka mwenyewe anatuambia Bwana aliutoa ili kuonyesha kwamba imetupasa kumwomba Mungu sikuzote, wala tusikate tamaa. Ila juzi nilipousoma polepole niliona jambo nililolipita miaka mingi. Yule mama kwenye mfano hajapiga magoti popote. Ametoka kwake, ameenda kwa mwenye mamlaka, na kesho yake amekwenda tena. Anachokitaka anakitaja waziwazi: "Nipatie haki na adui wangu."

Kiswahili chetu hakitenganishi mambo haya. Tunaomba kwa Mungu, tunaomba kwa mkuu wa wilaya, na ile karatasi tunayompelekea tunaiita ombi. Nimekaa na neno hilo siku kadhaa, na limenipeleka mbali kidogo, mpaka jimbo la Massachusetts, Marekani, miaka ya 1830 na 1840. Nivumilieni.

Huko kwenye Mto Merrimack kuna maporomoko, na wenye mitaji wa Boston waliyatumia maji yake kuendesha mashine za kusokota na kufuma pamba. Kiwanda cha kwanza kikubwa kilianza kazi mwaka 1823, na mji uliozaliwa hapo ukaitwa Lowell. Wafanyakazi wake wengi walikuwa mabinti wa wakulima, waliotoka kwenye mashamba ya vijijini yenye mawe mengi kuliko rutuba. Walikuja kutafuta fedha yao wenyewe, wengine wapate kumsomesha kaka, wengine walipe deni la baba. Kampuni ziliwajengea mabweni yenye mama mlezi na mlango unaofungwa usiku. Wageni kutoka Ulaya walikuja kutazama, wakasifu.

Maisha yote pale yaliendeshwa na kengele. Kengele ya kuamka, ya kuingia, ya kula, ya kurudi, ya kulala. Na kulikuwa na kanuni moja ambayo Mkristo akiisoma anaweza kufurahi kabla hajafikiri: kampuni haitamwajiri mtu mwenye desturi ya kukosa ibada siku ya Bwana. Kanuni hiyo ilichapwa pamoja na nyingine za kuchelewa kazini na za notisi ya kuacha kazi, wala hakuna aliyeona ajabu.

Sasa sikilizeni siku ya kazi ilivyokuwa. Februari 1845 kamati ya bunge la jimbo iliwaita wafanyakazi watoe ushahidi. Mmoja wao, Eliza Hemingway, alieleza kwamba wakati wa kiangazi kazi ilianza saa kumi na moja alfajiri ikaisha saa moja jioni. Katikati kulikuwa na nusu saa ya kifungua kinywa na dakika arobaini na tano za chakula cha mchana. Hesabu mwenyewe: ni saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano kwenye mashine, siku sita kwa wiki. Akaeleza pia kwamba wakati wa baridi chumba chao kiliwashwa taa ndogo 293 na kubwa 61, asubuhi na jioni, na humo walikuwamo watu wapatao 150. Nimejaribu kuwaza moshi wa taa zote hizo, vumbi la pamba juu yake, na madirisha yaliyofungwa ili nyuzi zisikauke zikakatika. Halafu ifike Jumapili, watu wale wale waketi kanisani waambiwe wasisinzie.

Hawakuanza kulalamika siku hiyo. Mwaka 1834 walipoambiwa ujira utapunguzwa, mamia walitoka wakaandamana mjini. Mwaka 1836 kampuni zilipopandisha malipo ya bweni, wakatoka tena, wengi zaidi. Siku hiyo kwenye chumba kimoja wakubwa walisitasita, wakaanza kuulizana kama kweli watoke. Msichana wa miaka kumi na moja, Harriet Hanson, akachoka kuwasikiliza, akasema yeye anatoka, mwingine atoke asitoke, akaanza kutembea. Alipogeuka aliona chumba kizima kinamfuata. Mama yake, aliyekuwa mlezi wa bweni la kampuni, alipoteza nafasi yake baadaye: aliambiwa angeweza kuvumiliwa kutowazuia wasichana wa bwenini, lakini mtoto wake mwenyewe alipaswa kumzuia.

Migomo hiyo haikuwapunguzia saa za kazi. Ndipo wakageukia njia ya yule mjane.

Aliyewaongoza ni Sarah Bagley, mzaliwa wa New Hampshire, mfumaji. Mwishoni mwa 1844 na mwanzoni mwa 1845 yeye na wenzake waliunda chama cha wanawake wafanyakazi, wakazunguka mabwenini na karatasi za saini. Ombi lao lilikuwa moja: sheria ya saa kumi za kazi kwa siku. Zaidi ya watu 2,000 walitia saini. Wanawake wasiokuwa na haki ya kupiga kura hata moja walisimama mbele ya kamati ya wanaume wakaeleza habari za mapafu yao.

Kamati ilikwenda Lowell kujionea. Ikarudi na sifa: vyumba safi, majani yaliyotunzwa, maua. Katika ripoti yake ilikubali kwamba mfumo wa kazi una kasoro zake, lakini ikasema dawa haiko kwa bunge. Dawa, walisema, itatoka kwenye maendeleo ya sanaa na sayansi, na watu kupunguza kupenda fedha. Wapendwa, hapo nilicheka peke yangu. Bunge zima linamwambia mtu anayekohoa vumbi la pamba asubiri matajiri wapunguze kupenda fedha! Yule kadhi wa Luka, ambaye hamchi Mungu wala hajali watu, angalau hakujifanya mhubiri.

Mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa William Schouler, mbunge wa Lowell hapo hapo na mwenye gazeti. Wanawake walipitisha azimio kwamba watatumia uwezo wao wote kumbakiza mjini kwao, kwenye mashine za kusokota anakostahili, asiwasumbue watu wa Boston. Uchaguzi uliofuata alishindwa. Chama kikachagua kaulimbiu ya maneno mawili: Jaribu tena. Mwaka 1846 likapelekwa ombi jingine, saini zaidi ya 4,000. Likakataliwa. Mwaka 1847 jimbo jirani la New Hampshire likapitisha sheria ya saa kumi, ikiwa na tundu kubwa: mfanyakazi akikubali kwa mkataba kufanya zaidi, basi sheria haimkingi. Kampuni zikaandaa mikataba, na asiyetia saini akatafute kazi kwingine. Massachusetts yenyewe ilipitisha sheria ya saa kumi kwa wanawake na watoto mwaka 1874. Sarah Bagley alikuwa na miaka 68, ameshaondoka kwenye viwanda zamani, amefanya kazi ya telegrafu, amehamia kwingine. Toka lile ombi la kwanza imepita miaka 29. "Asije akanichosha kwa kunijia daima," anasema kadhi. Alichoka polepole sana.

Ningeweza kuishia hapa na tukasema amina. Ila kuna jambo linaloninyima raha katika habari hii, na sitaki kulificha.

Kwenye migomo yao wale mabinti walisema na kuimba kwamba hawatakubali kuwa watumwa. Na pamba waliyokuwa wakiifuma ilitoka wapi? Ilichumwa na watumwa. Mississippi, Alabama, Louisiana, huko mwanamke mweusi alikuwa shambani kabla ya jua, bila ujira, bila kengele ya kumwachia, mtoto wake akiweza kuuzwa wakati wowote. Mwaka 1848 Charles Sumner, aliyekuja kuwa seneta wa Massachusetts, alilisema hadharani: kuna muungano kati ya mabwana wa kiboko na mabwana wa mashine za kufumia. Tena sehemu ya vitambaa hivyo, vile vizito vya bei ya chini, ilirudi Kusini kuwavisha watumwa wale wale. Nguo hiyo watumwa waliiita kwa jina la mji: Lowell.

Tusiwahukumu haraka. Wapo walioona. Lowell kulikuwa na chama cha wanawake cha kupinga utumwa miaka hiyo ya 1830. Lucy Larcom, aliyeingia kiwandani akiwa mtoto, baadaye aliandika mashairi, na katika mojawapo mfumaji anatambua kwamba uzi ulio mikononi mwake una machozi ya dada zake weusi wa Kusini. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele. Naamini pale chumbani, katikati ya mlio wa mashine, wengine waliisikia kelele hiyo ndani ya pamba yenyewe. Wengi hawakuisikia, maana walikuwa na kilio chao, na mtu mwenye kilio chake huwa mzito wa kusikia cha mwenzake.

Na uzi haukuishia huko. Bibi yangu, Mungu amrehemu, kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa alikiita merikani. Nilikuwa nadhani ni jina tu kama kaniki, kumbe linatokana na Marekani. Mwaka 1833 Seyyid Said, sultani wa Omani na Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 konsuli wao kutoka mji wa Salem alifika Unguja. Meli za Salem zilishusha vitambaa vya viwanda vya Massachusetts na majimbo ya jirani, zikapakia pembe za ndovu na sandarusi. Merikani ikawa kama fedha. Ilipimwa kwa mikono na kwa doti, ikapanda bara kichwani mwa wapagazi, ikalipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi njia nzima hadi Tabora na Ujiji. Pembe zilizonunuliwa kwa nguo hiyo ziliteremka pwani katika misafara ambayo mara nyingi ilikuwa na watu waliofungwa minyororo.

Kwa hiyo doti moja ya merikani imeshikwa na mtumwa wa Mississippi aliyeichuma, na binti wa Lowell aliyeifuma kwa taa, na mpagazi aliyeibeba kwenye vumbi la Ugogo. Watu watatu wasiojuana, na Bwana wa majeshi anawasikia wote kwa pamoja.

Miaka hiyo Injili ilikuwa ikiwaka Marekani. Charles Finney alihubiri Rochester mwaka 1830 na 1831, mji wa vinu vya ngano kule New York, na watu wengi wakaokoka. Waajiri wengi waliupenda uamsho kwa sababu fundi aliyeokoka haji kazini amelewa. Ni jambo jema kabisa, wala sikebehi. Lakini neno lile lile liliwafikisha wengine kwenye chama cha kupinga utumwa kilichoundwa Philadelphia mwaka 1833, wakapigwa mawe kwa ajili yake. Ukiniuliza tofauti ilikuwa nini, nadhani ni nani aliyeruhusiwa kuwa mjane kwenye mfano. Sisi wote tukiusoma tunajiweka upande wa mjane. Sijamsikia bado anayejiweka kwenye kiti cha kadhi.

Nami ndivyo nilivyokuwa nikiusoma, mpaka nilipofika kwenye amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati 5:14. Humo Mungu anataka mtumwa wako na mjakazi wako "wapumzike vile vile kama wewe." Vile vile kama wewe. Nilifunga Biblia nikasikia masufuria jikoni.

Ilikuwa Jumapili. Sisi tulikuwa tumerudi ibadani saa tano, tumebarikiwa, tumekaa sebuleni tukingoja chakula. Binti anayetusaidia kazi za nyumbani alikuwa ameamka saa kumi na moja ili maji ya kuoga yawe tayari na nguo za watoto zipigwe pasi. Nyumbani kwetu hatuna kengele. Tunaita jina lake tu, na anaitika.

Nilikwenda jikoni nikamuuliza anaabudu wapi. Alishtuka, akadhani kuna kosa. Kisha akanitajia kanisa, ni mtaa wa pili tu kutoka hapa, ninapita mbele yake kila siku nikienda kazini. Nikamuuliza ameingia mara ngapi tangu aje kwetu. Amekaa nasi miaka miwili na miezi. Akafikiri, akahesabu kwa vidole, akasema mara tatu, na mara moja kati ya hizo ilikuwa Krismasi. Hakuwahi kuniomba ruhusa. Nilipomuuliza kwa nini, alitazama chini, akaendelea kuchambua mchele.

Baba mwenye nyumba wa miaka miwili na miezi nilirudi sebuleni nikakaa. Mke wangu akaniuliza kulikoni, nikamweleza, tukanyamaza wote wawili.

Ibada ya kwanza kanisani kwao inaanza saa moja asubuhi. Jumapili hii chai nitachemsha mimi, na pasi watoto wakubwa watajipigia. Tuombeane.