Bango la Kuku wa Kienyeji, Mombo

Mwezi Oktoba mwaka 2012, nilipokuwa nikifanya kazi ya kusanifu matangazo katika duka dogo la uchapaji mjini Tanga, alikuja mama mmoja mwenye mgahawa kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha, jirani na Mombo, akataka atengenezewe bango kubwa kabla ya Desemba. Hakuwa na haja ya kunieleza kwa nini Desemba. Anayeishi katika njia ile anajua kwamba Krismasi inapokaribia, familia za Kichaga zinazoishi Dar es Salaam hufunga safari kwenda Kilimanjaro, na barabara ambayo siku nyingine ni ya mabasi na malori hujaa magari madogo yenye watoto na mizigo.

Alinikabidhi karatasi aliyokuwa ameandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri. Ilikuwa na jina la mgahawa, majina ya vyakula vyote kuanzia ndizi nyama hadi chipsi mayai, maelezo ya picha ya jengo aliyotaka iwekwe, namba mbili za simu, saa za kufungua na maneno ya kuwakaribisha wageni. Niliisoma yote kwa heshima, kwa sababu ilikuwa orodha ya mambo aliyoyajenga kwa jasho lake, na kila neno alilokuwa ameliandika lilikuwa la kweli. Niliamini, na hadi leo naamini, kwamba anayebuni bango la barabarani anapaswa kwanza kujua msafiri ana muda kiasi gani, na picha na rangi zifuate baadaye. Lakini sikutaka kumwambia hivyo nikiwa nimekaa nyuma ya kompyuta. Nikamwomba, "Mama, kabla sijachora chochote, naomba nije nipaone, kisha tupande basi pamoja kutoka Korogwe."

Alikubali, ingawa alishangaa. Tulikutana Korogwe asubuhi, tukapata kiti cha mbele katika Koasta, upande wa kushoto kwa dereva, na nikamwomba asome kwa sauti kila bango tutakalolipita. Barabara pale imenyooka kwa sehemu kubwa, mashamba ya mkonge yako pande zote na milima ya Usambara inaonekana kulia, kwa hiyo hakuna kinachozuia macho. Hata hivyo mabango mengi aliweza kusoma neno la kwanza au jina la kampuni tu, na moja lililojaa maandishi lilimpita akiwa amefika katikati ya namba ya simu. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, mimi niandike nini?"

Swali hilo lilitushughulisha njia nzima. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hula mita 22 hivi kila sekunde. Herufi yenye kimo cha sentimita 40, ikiwa nene na rahisi, huanza kusomeka vizuri kutoka umbali wa mita 150 hivi, na zikibaki mita 30 bango limeshaanza kutoka mbele ya macho ya dereva. Kinachobaki ni sekunde tano au sita, na ndani ya sekunde hizo dereva ana lori mbele yake na pikipiki pembeni. Fremu tuliyoweza kuimudu ilikuwa ya mita 6 kwa 3, na juu yake herufi za kimo hicho hazitoshi kwa maneno zaidi ya machache.

Kulikuwa na jambo la pili ambalo yeye alilijua kuliko mimi. Mabasi makubwa hayafuati bango. Dereva na kondakta wana mahali pao walipozoea kusimamisha abiria wale na kuchimba dawa, na makubaliano hayo hayabadilishwi na tangazo. Bango letu lingezungumza na gari dogo, na katika gari dogo mwenye usukani mara nyingi si yeye anayeamua chakula. Wanaoamua ni waliokaa naye, hasa mama mwenye watoto, na watu hao wanahitaji muda wa kushauriana. Ndiyo maana sikutaka bango lisimame mlangoni. Tulichagua shamba la jirani yake, kilomita 2 kabla ya mgahawa kwa anayetoka Dar es Salaam, kwa kuwa umbali huo kwa mwendo ule ni dakika moja na nusu: muda wa kuuliza "tusimame?", kujibiwa, na kupunguza mwendo bila kushtua gari la nyuma.

Nguzo tulizisimika ndani kabisa ya shamba. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilikuwa imepanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na Mama hakutaka kujenga kitu ambacho kesho kingepigwa alama ya X nyekundu. Kwa sababu hiyo tuligeuza fremu kidogo iwatazame wanaokuja.

Ubishi wetu mkubwa ulihusu vyoo. Mimi nilitaka maneno "vyoo safi" yawepo, kwani anayesafiri na watoto hutafuta choo kabla ya kutafuta wali. Yeye alikataa katakata kuweka choo na chakula katika ubao mmoja, akasema wageni wake si watu wa kuambiwa hivyo mbele ya sahani. Nilipomsikiliza vizuri niliona kwamba adabu hiyo ndiyo ileile iliyoufanya mgahawa wake upendwe, na haikuwa kazi yangu kuivunja. Tukaafikiana kuweka ubao wa pili, mdogo, kwenye lango, wenye rangi zilezile na picha ileile ya sahani, ambao ungebeba jina la mgahawa, kivuli cha kuegesha magari, na vyoo. Bango kubwa likabaki na maneno haya tu: KUKU WA KIENYEJI. KILOMITA 2, KUSHOTO. Wali wa nazi, ambao ndio uliokuwa fahari yake, haukuhitaji kuandikwa kwa sababu ulionekana kwenye picha.

Picha ile ilichukua muda kuliko kitu kingine chochote. Sahani nyingi zikiwekwa pamoja, kutoka mbali huwa madoadoa yasiyotambulika, kwa hiyo tulipika sahani moja. Tuliitoa barazani asubuhi, mwanga ukiwa unaingia kwa ubavu, na nilipiga picha karibu kiasi kwamba paja la kuku lingekuwa refu kuliko mtu mara litakapochapwa.

Kuhusu rangi, niliangalia jua. Kwa kuwa barabara pale inaelekea kaskazini-magharibi, bango la wanaotoka Dar es Salaam hutazama kusini-mashariki; asubuhi linamulikwa vizuri, lakini baada ya saa nane mchana jua linakuwa nyuma yake na uso wote unaingia kivulini. Rangi ya maziwa au kahawia, ambazo Mama alizipenda kwa kuwa ndizo za kuta zake, zingefifia saa zile ambazo waliochelewa kuondoka Dar es Salaam wanapita na njaa. Tulitumia njano iliyokolea na herufi nyeusi. Turubai lilichapwa Dar es Salaam, na kabla ya kuruhusu kazi iendelee niliomba kipande cha mfano, nikakitoa juani, kwani njano ya kwenye kompyuta ni mwanga na ile ya wino ni kitu kingine. Niliagiza nakala mbili. Wino mwekundu na wa njano huchujuka mapema kuliko wa buluu, na kuku aliyegeuka buluu humfukuza mteja kuliko kutokuwa na bango kabisa.

Wiki ya Krismasi nilikwenda Mombo kuangalia. Magari yenye mizigo juu yalikuwa yameegeshwa chini ya miembe, na wageni walioshuka walikuwa wakiagiza kuku kabla ya kuletewa orodha ya vyakula. Mama hakuwa na nafasi ya kuzungumza. Alinionesha kwa kidole meza ya pembeni, akaniletea chakula, akarudi jikoni.

Jioni, wateja walipopungua, alikuja na karatasi nyingine. Alikuwa amefikiria bango la Januari, la watu watakaokuwa wakirejea Dar es Salaam. Hao mgahawa ungekuwa kulia kwao, na wangelazimika kukatiza magari yanayokuja ili waingie, kwa hiyo alitaka waonywe mapema zaidi. Alikuwa ameandika maneno sita tu: Supu ya kuku. Kilomita tatu, kulia. Hesabu ya herufi ilitosha. Nilimweleza kwamba bango hilo lingetazama kaskazini-magharibi na kumulikwa na jua la alasiri, hivyo safari hii angeweza kupata ile kahawia yake, na tukakaa kuchagua.