Nilivyomfundisha Bosi kujisaidia nje

Mtoto wa mbwa tuliyepewa na jirani aliingia nyumbani kwetu, nje kidogo ya jiji la Arusha, katikati ya masika, akiwa na umri wa wiki nane, na kabla saa moja haijaisha alikuwa amekwisha kojoa sebuleni, mlangoni mwa jiko na juu ya kandambili za mume wangu. Watoto wakamwita Bosi. Miezi miwili iliyofuata niliipitisha nikipiga deki nyuma ya Bosi.

Ushauri niliopewa ulikuwa mwingi kuliko mikojo yenyewe. Shemeji yangu alisema nimsugue pua kwenye mkojo wake kila anapokosea. Nilifanya hivyo mara mbili, nakiri kwa aibu, na alichojifunza ni kwamba mama akiona mkojo hukasirika. Basi akahamia nyuma ya kochi, mahali ambapo sikuweza kuona kitu mpaka harufu ilipotuita. Fundi aliyekuwa akijenga ukuta wa jirani alitaka tumlishe pilipili ili awe mkali, jambo lisilohusiana na choo hata kidogo, lakini mtaani kwetu humtaji mbwa bila kuletewa habari ya pilipili. Mwingine alisema alale nje akomazwe na baridi. Mtoto wa wiki nane, usiku wa mvua, chini ya Mlima Meru! Alilala kwenye boksi kando ya kitanda changu, pamoja na chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kanga kuukuu, na baada ya usiku wa tatu hakulia tena.

Kosa langu mwenyewe, ambalo watoto bado wanawasimulia wageni, lilikuwa magazeti. Kwa kuwa nyasi zilikuwa zimelowa na Bosi alikanyaga majani mabichi kama bibi harusi anayekwepa tope, nilitandika magazeti ya zamani kwenye kona ya korido, nikawa namweka hapo kila anapoamka, na akikojoa namsifia na kumpa dagaa mmoja. Kwa wiki moja akawa hodari kabisa. Nikampigia dada yangu simu kumtangazia ushindi. Jioni hiyohiyo umeme ulikatika, na mwanangu wa darasa la tano, aliyekuwa ametandaza madaftari yake sakafuni karibu na taa ya chemli, akainuka kwenda kunywa maji. Aliporudi alimkuta Bosi amechuchumaa katikati ya hesabu za sehemu, ametulia, anamalizia. Kisha Bosi akaja mbio kwangu, akitikisa mkia, kudai dagaa wake. Ningemlaumu kwa lipi? Nilikuwa nimemfundisha kwamba karatasi ni choo, naye hakuwa na namna ya kulitofautisha gazeti la juzi na daftari la hisabati. Tulilianika daftari uani kutwa nzima, na mwalimu akalisahihisha. Kama alilinusa, hakusema.

Hapo ndipo nilipopata ujanja ninaojivunia. Nilichukua gazeti la mwisho lililolowa mkojo, nikalipeleka chini ya mparachichi, nikalibana kwa mawe mawili, na juu yake nikaegesha kipande cha bati ili ardhi isilowe. Bosi alinusa, akazunguka mara mbili, akakojoa. Kila siku nilichana gazeti likabaki dogo zaidi, hadi pakabaki udongo mtupu na yeye asijue kwamba choo chake kimehama.

Ndani ya nyumba nilimfunga kwa ukanda wa kanga kiunoni mwangu, nikapika naye na kukunja nguo naye, kwa sababu mbwa mchanga hujisaidia baada ya kuamka, baada ya kula na baada ya kucheza, na akianza kuzunguka huku ananusa sakafu una sekunde chache tu. Katika umri wa miezi miwili hawezi kubana mkojo zaidi ya saa mbili au tatu, kwa hiyo nilitega simu iniamshe saa nane usiku. Mume wangu aliahidi zamu. Alitimiza moja.

Sakafu niliiacha kuisafisha kwa dawa yenye amonia, ambayo kwa pua ya mbwa inafanana na mkojo na humrudisha palepale, nikatumia siki na maji. Chupa ni elfu mbili au tatu hivi. Chanjo na dawa za minyoo, hadi ile ya kichaa cha mbwa alipotimiza miezi mitatu, zilikula karibu bei ya mbuzi mdogo, lakini kwenye nyumba yenye watoto wanaobusu mbwa sikuona cha kupunguza. Mpaka daktari wa mifugo aliporidhika na chanjo, Bosi hakukanyaga barabarani.

Sasa ana mwaka na nusu, na akibanwa hukwaruza mlango mwenyewe. Ila gazeti likianguka sakafuni, husimama, akalitazama, kisha akanitazama mimi.