Mtoto anayetapika bila kuharisha
Tulimpokea mtoto wa miezi mitatu aliyekuwa akitapika na kusinzia kupita kiasi, ingawa hakuwa na homa wala hakuharisha. Nilipomvua kofia nilikuta utosi umevimba na kukaza, na nyuma ya sikio pamevilia damu, alama ambayo mtoto asiyeweza hata kujigeuza hawezi kujisababishia. Picha ya CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani ya kichwa) ilionyesha damu kati ya ubongo na utando wake, na daktari wa macho akaona damu imevuja kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, za macho yote mawili. Bado tunapima ugandaji wa damu, kuona kama ana ugonjwa wa kutokwa damu, na kupiga eksirei ya mifupa yote kutafuta mivunjiko, maana kumshuku mzazi kuwa amemdhuru mtoto ni jambo zito mno. Hata hivyo, kumruhusu mtoto arudi nyumbani bila kuuliza ni hatari zaidi, na ofisa ustawi wa jamii ameshaitwa.